Chapati Hazijisukumi

Jamhuri Dei ikishapita tu, grupu ya WhatsApp ya ukoo wetu hufufuka. Mwaka mzima imekuwa ikiishi kwa matangazo ya matanga na picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema". Sasa ghafla ina mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa mbuzi. Orodha inatumwa. Mbuzi 2. Unga wa ngano kilo 10. Mchele wa pilau kilo 5. Viazi debe moja. Mafuta ya kupikia lita 5. Soda kreti 4. Sukari, majani, maziwa, mkate wa watoto. Mbele ya kila kitu kuna bei, na mbele ya kila bei kuna jina la atakayetuma M-Pesa pamoja na tarehe ya mwisho ya kutuma. Ukichelewa unatajwa mbele ya watu.

Mtu wa nje akiisoma atasema hii familia inajua kupanga. Mimi naiita risiti. Orodha inayosema unga ni kilo 10 na haisemi nani ataukanda imekamilika kwa mlaji peke yake. Kwa mpishi haijaanza. Na sababu ya kutoanza tunaijua sote, hata kama hakuna anayeiandika: wanawake watajipanga. Hakuna mtu anayewapangia kwa sababu imechukuliwa kwamba wapo, kama vile maji yapo kwenye tangi.

Ebu tupige hesabu, maana sisi Wakenya tunaheshimu hesabu kuliko malalamiko. Kwetu Murang'a, Krismasi hukusanya watu kama 40. Chapati tatu kwa kila mtu, na huyo ni mtu mwenye adabu, ni chapati 120. Pakiti ya kilo 2 ikikandwa vizuri hutoa kama 25, ndiyo maana tunanunua pakiti 5. Unga huo wote hukandwa kwa mikono, kwenye karai, kwa maji ya uvuguvugu, hadi mabega yaanze kuuliza maswali. Unaufunika upumzike. Wewe hupumziki, unakata vitunguu. Kisha madonge. Kila donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa lile kunjo la konokono, linaachwa kidogo, halafu linasukumwa tena. Chapati 120 ni kusukuma mara 240. Kwenye pani kila moja inataka kama dakika mbili ukitaka iive pande zote bila kuwa mbao. Hizo ni dakika 240. Saa nne kamili mbele ya jiko moja la makaa, moshi ukikuingia machoni, na hapo bado hujamenya kiazi hata kimoja.

Halafu vyombo. Chai ya asubuhi vikombe 40, chakula cha mchana sahani 40, chai ya jioni vikombe vingine 40, na usiku sahani za wale 25 wanaolala. Tushapita 140 na sijataja glasi, vijiko, bakuli za supu wala zile sufuria nyeusi ambazo ukizisugua unaweza kumaliza sabuni na dini kwa pamoja.

Nitende haki. Wanaume wa kwetu wana kazi siku hiyo, na ni kazi kweli. Kuchinja mbuzi wawili, kuchuna, kusafisha matumbo, kujaza mutura na kuichoma isipasuke, si mchezo, na mutura ya kwetu sitaitukana hata nikilipwa. Lakini angalieni ile kazi ilivyoumbwa. Inafanywa chini ya mti, kivulini. Ina viti. Ina stori. Ina watazamaji wanaosifu kisu. Ina mshahara unaolipwa papo hapo, maana kipande cha kwanza kikitoka motoni kinaonjwa, na cha pili kinaonjwa kuthibitisha cha kwanza. Inaanza saa mbili asubuhi na saa tano hivi imeisha. Baada ya hapo siku ya mwanaume imefika tamati, anasubiri sahani. Ya mwanamke ilianza jana yake jioni na itaisha usiku, taa ya simu ikiwa imeegemezwa dirishani ili aone kama sufuria imetakata.

Si kwetu tu. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021, na likapata kwamba wanawake nchini hutumia takriban mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Hiyo ni siku ya kawaida. Krismasi huo mzigo unawekewa pambo na kuitwa furaha ya familia.

Nikisema haya, jibu la kwanza huwa ni utamaduni. Huo ndio utamaduni wetu, mama, ananiambia anko wangu. (Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, na nitalirudia jambo hilo.) Sasa, utamaduni upi? Krismasi yenyewe tuliletewa na wamisheni. Pilau ilipanda kutoka Pwani. Chapati ilikuja na Wahindi. Wakati Reli ya Uganda ikijengwa kati ya 1896 na 1901, zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na jamii iliyobaki ikatuachia chapati, chai ya maziwa na dengu. Babu wa babu yangu hakuwahi kuona donge la unga wa ngano maishani mwake. Kwa hiyo mezani tuna sikukuu ya Wazungu, mkate wa Wahindi na wali wa Waswahili, soda ya Marekani ikisindikiza. Vyote hivi tulivikaribisha bila kuitisha baraza la wazee. Kitu kimoja tu ndicho kimetangazwa kuwa urithi usioguswa: nani anainama jikoni.

Tena hicho nacho hakiko jinsi kinavyosimuliwa. Panda matatu ushuke Githurai, au Kayole, au Gikomba, saa kumi na moja alfajiri. Nani amesimama kwenye kibanda akigeuza chapo kwa vidole bila kuungua? Mara nyingi ni kijana wa kiume, amefunga eproni, anasukuma kwa kasi ambayo shangazi zangu wangeionea wivu. Ukienda Pwani kwenye harusi, zile sufuria za pilau zinazotosha kuogea mtoto mara nyingi ziko chini ya wapishi wanaume, na hakuna anayewauliza kama uanaume wao umepungua. Kwenye hoteli kubwa za Nairobi, shefu mkuu ni mwanaume mara nyingi kuliko si mara nyingi. Mkono wa mwanaume haujashindwa na unga. Unaukanda vizuri kabisa pale penye malipo. Ni ile chapati ya bure ndiyo humtia aibu.

Na nyinyi vijana wa rika langu ndio mnanikera zaidi ya anko. Anko ana miaka 67, alilelewa na dada wanne, nitamvumilia kwa maneno. Lakini wewe unayeishi peke yako Roysambu kwenye chumba kimoja chenye jiko la gesi la vichwa viwili! Jumatatu hadi Ijumaa unajipikia. Tumeona picha. Tumeona tambi zako na nyama ya kusaga, tumeona mayai yamekaa juu ya parachichi, umeandika chini "mpishi ni mimi" na sisi tukakupigia makofi. Halafu tarehe 24 unashuka ushago, na ukivuka tu lango la shosho unapatwa na ugonjwa wa ajabu: hujui kijiko kinawekwa wapi. Unaita dadako kutoka sebuleni akuletee chumvi. Chumvi! Barabara ya Thika ina uchawi gani unaomfutia mtu elimu yote ya jikoni kati ya Nairobi na Murang'a?

Kaka yangu mkubwa na mke wake husafiri pamoja. Wote wameajiriwa. Mke ni mhasibu, na mwisho wa mwaka ofisi yao hufunga vitabu, kwa hiyo tarehe 24 hutoka kazini mchana akiwa amekauka. Wanapanda gari moja, wanakwama kwenye foleni moja, nauli imepanda maradufu kwa wote wawili, mtoto amelia mapajani mwa wote kwa zamu. Wakifika, kaka anakaribishwa kiti kwa sababu amechoka na safari. Mke anampa mtu mtoto, anauliza leso iko wapi, na dakika kumi baadaye ana unga hadi kwenye viwiko. Hajaambiwa na mtu. Anajua tu kwamba kuna macho. Mwaka wake wa kwanza kwetu, chapati zake zilijadiliwa hadi Pasaka. Moja ilitoka na pembe kama ramani ya kaunti, na shangazi mmoja akaipiga picha.

Kuna wanaonijibu kwa upole zaidi, na hawa nawaheshimu. Wanasema, lakini jikoni ndiko kuzuri. Ndiko kuna kicheko. Ni kweli. Kila kitu cha maana ninachojua kuhusu familia yetu nilikisikia nikiwa nimeketi kwenye kigoda nikimenya viazi. Nani aliuza shamba na kwa nini. Nani alikataliwa kuoa. Shosho alivyomficha mjomba ndani ya ghala la mahindi wakati wa Hali ya Hatari. Mambo haya hayasemwi sebuleni ambako wanaume wanatazama mechi ya marudio. Kama kesho mtaniambia wanawake wote waondoke jikoni waje kukaa kwenye makochi, nitalia, maana kuna shule itakuwa imefungwa.

Ila utamu huo hautoki kwenye moshi. Unatoka kwa watu. Tungeambiana hayo hayo tukiwa tumeketi kivulini na vikombe vya chai, kama wale wa mbuzi. Na tuseme ukweli, hata hicho kicheko kina ratiba. Saa sita mchana, watu 40 wakiwa wameanza kuchungulia, hakuna anayecheka. Hapo ni amri na kelele, mtoto amemwaga maziwa, pilau imeshika chini, na mtu anauliza kutoka nje kama chakula bado.

Wengine husema wanaume wanalipa. Haya, turudi kwenye ile orodha ya grupu, maana majina yapo pale kila mtu ayaone. Mwaka jana kwetu mbuzi mmoja kati ya wawili alilipiwa na shangazi mwenye duka. Unga wote nilinunua mimi. Soda zililetwa na binamu yangu wa kike aliye Qatar, akatuma pesa huku akifanya kazi ya jikoni kwa watu wengine siku hiyo hiyo ya Krismasi. Hoja ya kwamba mmoja analeta na mwingine anapika ilikufa zamani. Wanawake sasa wanaleta na wanapika. Waliopunguziwa kazi ni kina nani?

Basi tuagize chakula, anasema yule mwenye pesa kidogo. Tulete watu wa ketaringi, waje na mahema na sahani zao. Sina ugomvi na hilo, kwa anayeweza. Nataka tu tutazame ni nani atashuka kwenye ile pikapu. Ni mwanamke mwingine ambaye ameacha sufuria zake nyumbani ili aje kusugua zetu, na katika kazi nyingi kanuni za mishahara nchini zinataka anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili. Mkimlipa hivyo, vizuri, mleteni na mumkaribishe ale. Wengi hawataki kulipa hivyo. Wanataka bei ya Jumanne. Ni kama ilivyo kwa wale dada wa kazi mijini: wakienda likizo tarehe 20, nyumba nzima za Nairobi huingia kwenye taharuki, watu wanatafutana kwa simu, ndipo inajulikana kwamba ile kazi ilikuwa kazi. Hatuioni ikifanywa, tunaiona ikikosekana. Na yule dada mwenyewe, akifika kwao Kitui au Busia, anafunga leso na kuanza kupika.

Sasa niseme kwa nini mwaka huu nimelivalia njuga.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 64, na Krismasi huwa kwake. Goti lake la kulia limeisha. Mwezi wa nane daktari alimwambia asisimame muda mrefu na asibebe vitu vizito. Ujumbe huo niliuweka kwenye grupu mwenyewe. Watu walimwombea, mikono iliyokunjwa ikajaa skrini nzima. Mwezi wa kumi na mbili watu wale wale wakaandika: tukutane kwa mathe kama kawaida. Kama kawaida. Nikakaa na hayo maneno mawili. Halafu nikaingia kwenye picha za simu yangu, Krismasi sita zilizopita, nikimtafuta. Kuna picha za mbuzi. Kuna za watoto na nguo mpya, za anko na mutura, za sisi sote tumepanga mstari mbele ya nyumba. Mama yuko kwenye moja. Imepigwa kutoka mgongoni, ameinamia sufuria, uso hauonekani.

Sijawahi kumwona akila chakula cha Krismasi akiwa ameketi. Nina miaka 29. Hula mwisho, amesimama, akichovya kipande cha chapati iliyovunjika kwenye mchuzi uliobaki, na ukimwambia akae anasema ameshiba kwa harufu. Tumelicheka hilo neno miaka mingi, limekuwa kama methali ya nyumbani. Mtu hashibi kwa harufu, jameni. Mtu anaona nyama imeisha, anatafuta neno la kuwasitiri waliomaliza.

Kwa hiyo nilituma orodha ya pili. Haina bei. Ina saa na majina. Tarehe 24 saa kumi jioni, kukanda na kusukuma, majiko mawili, watu wanne, wawili kati yao wanaume. Chapati nimepunguza hadi mbili kwa mtu, ziwe 80, zipikwe usiku huo zifungwe kwenye kitambaa ndani ya hotpoti, asubuhi zinapashwa tu. Atakayetaka ya tatu aje nayo kutoka Githurai, nimeshaeleza zinauzwa saa ngapi. Mukimo sufuria moja kubwa kwa ajili ya wale wageni wasiotangazwa, kwa sababu ushago hufukuzi mtu na kila mwaka kuna binamu anayeleta mbogi nzima. Maji yachotwe na vijana tarehe 24 kabla ya giza. Kila aliye chini ya miaka 40 aoshe alichokulia na cha mzee mmoja. Na kwenye safu ya mama, kuanzia asubuhi hadi usiku, nimeandika neno moja: kukaa.

Moto uliwaka. Binamu mmoja aliuliza kama tunafanya sensa. Mwingine alisema Nairobi imeniharibu. Kaka yangu alituma zile sura zinazocheka hadi machozi, kisha baada ya saa moja mke wake akajibu kwa kidole gumba kwenye orodha yangu, na kaka akanyamaza. Shangazi wa duka alinipigia simu pembeni, sauti ya chini kama anayeagiza bangi, akasema nakuunga mkono lakini usiniambie niandike hapo. Binamu yangu mdogo wa kiume, mwanafunzi, aliandika, "Niweke vitunguu, nikilia watu wasiulize." Huyo nampenda.

Mama naye alikasirika. Alinipigia akaniuliza kama nataka watu waseme ameshindwa na nyumba yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa anko, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Miaka arobaini ya heshima yake imejengwa juu ya ile meza, na mimi nimekuja na ratiba kumwondoa. Tuliongea siku tatu. Tulikubaliana kwamba pilau ni yake, viungo vya pilau hakuna wa kuvigusa, ila atavitia akiwa kwenye kiti na atakayekoroga ni mwingine. Na atapakuliwa wa kwanza. Hilo la kupakuliwa ndilo lililochukua siku mbili kati ya hizo tatu.

Anko alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Sehemu kubwa ilikuwa historia ya ukoo. Mwishoni akasema, "Mama, hizo ni mambo za vitabu. Mwanaume wa kwetu hajawahi kuosha sufuria." Nilimjibu kwa heshima zote. Nilimwambia, anko, miaka yote unaniita mama, sijawahi kukataa jina. Sasa ndio mama anakutuma viazi.

Hajajibu kwa maandishi. Leo ni tarehe 17. Orodha ina nafasi 14 na 11 zina majina. Viazi vimechukuliwa na mtu aliyejiandika kwa herufi za kwanza tu, na mimi nadhani namjua. Anko amejiandika kwenye mbuzi, mara tatu. Kuosha sufuria, saa tisa hadi saa kumi na moja jioni, bado hakuna mtu.